Ukikutana na Gazeti Kuukuu Ufipa

Ukitaka kusoma magazeti ya zamani, usianze kwa kukata tiketi ya basi la Dar es Salaam. Huko utafika baadaye. Anza hapo hapo ulipo: Sumbawanga mjini, Laela, Matai, Namanyere, au kijiji chochote cha uwanda huu ambako gazeti lilikuwa mgeni. Kabla ya lami ya kutoka Tunduma, gazeti lililochapwa Dar es Salaam lilitufikia limekwishachoka, na wakati wa masika lori likikwama lilichoka zaidi. Alilisoma mwalimu, akampa karani, likaenda kwa katekista na kwa mwenye duka, na kila mmoja alilisoma hadi jina la mpiga chapa. Kitu kilichopatikana kwa tabu namna hiyo hakitupwi. Likishasomwa lilipewa kazi ya pili, na kazi hiyo ya pili ndiyo iliyokutunzia.

Basi zitafute hizo kazi za pili. Kwa fundi cherehani mwenye umri wake, tazama msumari ulio ukutani nyuma ya cherehani. Hapo huning'inia vipande vya karatasi anavyokatia nguo: mkono, kola, kiuno. Wengi walivikata kwenye magazeti kwa sababu karatasi yake ni pana na inakunjika bila kukatika. Kwa walimu wastaafu ulizia sanduku la bati. Chini kabisa, chini ya nguo za Pasaka, pametandikwa gazeti ili kutu isishike kitambaa. Madaftari ya zamani yalijalidiwa kwa magazeti, na makabati ya vyombo yalitandikwa gazeti lililokatwa maua pembeni kwa mkasi. Karatasi za kufungia karanga sokoni zisikupotezee muda. Karibu zote ni za juzijuzi, na siku hizi nyingi ni mitihani ya watoto ambayo hata haijasahihishwa vizuri.

Parokia usiisahau. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki tangu Mapadri Weupe, waliofika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika miaka ya 1880, walipoingia huku. Gazeti la Kanisa lilikuwa na wasomaji wake parokiani hata pale ambapo gazeti la serikali halikuwa na wakala. Muulize paroko kama kuna kabati la zamani ambalo hakuna anayelifungua. Karibu kila parokia kongwe inalo.

Piga hodi kwanza

Hazina kubwa kuliko zote iko kwenye kuta, nayo huwezi kuibeba. Nyumba za tofali mbichi zilibandikwa magazeti ndani ili vumbi la udongo lisidondoke, ili baridi ya Juni na Julai ipungue, na kwa sababu inapendeza. Gundi yake ilikuwa uji wa unga. Katika nyumba moja ya njia ya kwenda Namanyere niliwahi kuona chumba kizima kimebandikwa hivyo. Kurasa nyingine zilikuwa zimegeuzwa kichwa chini, maana aliyebandika alikuwa anafunika ukuta, hakuwa anapanga maktaba. Karibu na dirisha jua lilikuwa limeufuta wino, na karibu na jiko moshi ulikuwa umeugeuza ukurasa rangi ya chai. Katikati, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyelala kitandani, palikuwa na tangazo la redio lenye picha ya familia imekaa inasikiliza, na tarehe ya toleo imefunikwa na ukurasa mwingine. Mwenye nyumba alikuwa amelala akilitazama tangazo hilo tangu utoto wake. Redio yenyewe, alisema, hawakuwahi kuwa nayo.

Nyumba kama hiyo ina adabu zake. Bisha hodi, mwamkie mzee shikamoo, kaa, ulizia mvua na mahindi, ndipo useme kilichokuleta. Na useme yote. Ukimwambia tu kwamba unakusanya makaratasi ya zamani, atadhani unatafuta hati za shamba, na hapo mlango umefungwa. Mwambie unataka kusoma na kupiga picha, hubandui kitu. Kweli usibandue: ukurasa uliokauka na uji kwa miaka 40 hutoka vipande, na kinachobaki ni unga mkononi mwako na ukuta uliochunika wa mtu mwingine.

Piga picha kwa mwanga wa dirisha bila kuwasha taa ya simu, maana mng'ao wake hufuta herufi zilizofifia. Anza na ukurasa mzima, kisha pembe ya juu yenye jina la gazeti na tarehe, halafu usogee karibu. Muulize bibi nani alibandika, na ilikuwa kabla au baada ya mtoto yupi kuzaliwa. Andika jibu hapo hapo. Ukirudi tena, mpelekee picha moja iliyosafishwa studio. Mara nyingi ziara hiyo ya pili ndiyo inayofungua sanduku la bati.

Ni gazeti gani hilo?

Kipande kikishakuwa mbele yako, kitafutie baba yake. Mambo Leo lilianza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza, likitoka kila mwezi. Lilikuwa gazeti la mkoloni, lakini kurasa za barua, mashairi na habari fupifupi kutoka miji mbalimbali zilijazwa na Waafrika wenyewe. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha mashairi humo. Kwenye habari hizo za miji usiruke mistari mifupi ya mvua, bei na wanyama wakali. Karani aliyeiandika alikuwa pale. Kwetu la Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, lilianza 1937 na lina ukali ambao Mambo Leo lisingeweza kuwa nao. Ngurumo lilianza 1959 na kufa 1976, nalo ni shamba la visa: wizi, ugomvi wa wapenzi, kesi za mahakamani, vituko vya mitaani. Uhuru, gazeti la TANU, ni la tangu 1961. Ukiona Standard la Kiingereza, kumbuka lilitaifishwa Februari 1970, na Aprili 1972 likaunganishwa na The Nationalist likawa Daily News. Mhariri wa mwaka 1968 na yule wa mwaka 1973 hawali chungu kimoja.

Kiongozi ni mtego. Kulikuwa na Kiongozi la Tanga, la zamani za Wajerumani, lililotoka kwenye shule ya serikali hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima. Kiongozi ambalo babu yako alilisoma ni lingine kabisa: gazeti la Kikatoliki lililoanza Tabora mwaka 1950. Nimeona watu wazima wakibishana kuhusu makala moja, kila mmoja akiwa na Kiongozi lake.

Mtego wa pili ni majina ya mahali. Anayetafuta neno Rukwa katika gazeti la 1955 atapata ziwa na nzige, basi. Mkoa wa Rukwa haukuwapo hadi 1974. Kabla ya hapo tulikuwa chini ya Mkoa wa Mbeya, na zamani za Waingereza tulikuwa Wilaya ya Ufipa katika Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Wajerumani waliita boma lao la Kasanga Bismarckburg. Mbala ya ng'ambo ya mpaka iliitwa Abercorn. Habari za kanisa za kabla ya 1969 zitafute chini ya Jimbo la Karema, si Sumbawanga. Mpanda usiiruke pia, kwa sababu kabla ya Mkoa wa Katavi kuzaliwa mwaka 2012 habari zake na zetu zilipikwa pamoja.

Kipande kisicho na tarehe

Vipande vingi vitakufikia vimekatwa kichwa. Tarehe utaisoma ndani ya tangazo, maana tangazo haliwezi kuficha umri wake. Bei ya rupia na heller ni ya Wajerumani au miaka michache baada yao. Tanganyika peke yake ni kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Ukikuta Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar kwa kirefu chake chote, shangilia, maana jina hilo lilidumu miezi michache tu hadi jina Tanzania lilipotangazwa mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo. TANU inakomea Februari 1977. Tangazo linalokuelekeza kwenye duka la RTC ni la zamani za ujamaa, wakati biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa kampuni za mikoa za serikali. Namba ya simu ya tarakimu tatu au nne ni ya mji mdogo wa enzi za kuungiwa laini na opereta. Namba inayoanza na 0744 au 0748 ni ya miaka ya mwanzo ya 2000, kabla hazijageuzwa 0754 na 0784.

Geuza na upande wa pili. Mkasi wa fundi ulipokata tangazo la sabuni ulikata pia matokeo ya mpira yaliyo nyuma yake, na mechi ya Yanga na Sunderland, kama Simba ilivyoitwa hadi 1971, haina ugumu kuipata siku yake.

Soma tangazo kama barua ya mtu anayetaka kitu

Hapa ndipo ninapobishana na wengi. Watu hukata habari kuu wakaacha matangazo, kwa kuwa habari ndiyo historia. Mimi ningekata matangazo kwanza. Habari kuu za serikali zimehifadhiwa kwenye hotuba, ripoti na vitabu. Walichokitamani watu na kilichowanyima usingizi kiko kwenye matangazo, tena kimeandikwa na mtu aliyelipia kila mstari, hivyo hakupoteza neno.

Chukua dawa. Katika magazeti ya kabla ya uhuru Aspro haikosi: kichwa, mafua, homa, uchovu. Angalia aliyechorwa. Mara nyingi ni mtu wa mshahara, mwenye shati na viatu, anayeogopa kukosa kazi kesho. Mkulima wa ulezi wa Ufipa hayumo pichani. Huko kutokuwamo kwake ni habari.

Chukua baiskeli. Kuna tangazo mashuhuri la Raleigh lililozunguka Afrika: kijana anaendesha baiskeli, simba anamfukuza nyuma, na baiskeli ya chuma tupu inamwacha. Lichungulie vizuri. Limechorwa na mtu aliyeamini kwamba Mwafrika ananunua baiskeli ili kumkimbia simba. Mnunuzi wa Ufipa alitaka baiskeli ya kubeba gunia la mahindi, mke na mtoto, au matenga ya migebuka kutoka ziwani, na kwenye mwinuko wa kutoka Kasanga huwezi kumkimbia hata mbuzi. Tangazo hilo halikuchora kile ambacho baiskeli ilifanya kweli. Ukimpata mzee aliyeimiliki, muonyeshe picha ya simba kisha ukae kimya. Cheko lake litafuatwa na maelezo ambayo hayajachapwa popote.

Tazama pia tangazo lilivyokaa na majirani zake. Katika miaka ya 1960 vipodozi vya kung'arisha ngozi kama Ambi vilitangazwa kote Afrika Mashariki, na Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyopaswa kuanza Januari 1, 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi hivyo hivyo. Ukipata gazeti la miezi hiyo, lisome ukurasa kwa ukurasa ukilinganisha barua za wasomaji na vitu vilivyokuwa vikiuzwa. Barua zenyewe ni kali kuliko makala. Wasichana walijibu, vijana walijibu, wazee walilaani, na wote walipata nafasi.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 ina tangazo la ajabu kuliko yote, na wengi hulipita: tangazo la pongezi. Shirika la umma linajaza nusu ukurasa kuungana na Watanzania wote kusherehekea Saba Saba au kuzaliwa kwa CCM, lina picha ya kiwanda, na halimwambii mtu anunue chochote. Lilikuwa halina cha kuuza. Sabuni, sukari na khanga vilikuwa havionekani madukani. Halafu fungua magazeti ya 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi vya Waziri Mkuu Edward Sokoine, usome habari za watu waliotupa bidhaa vichakani usiku kwa kuogopa kukamatwa nazo. Weka kurasa hizo mbili pamoja. Sijui mwalimu wa uchumi anayeweza kueleza jambo lile vizuri zaidi.

Matangazo madogomadogo ya ndani yasome moja moja: marafiki wa kalamu, wanaotafuta wachumba, vyeti vilivyopotea, tanzia, na lile la kampuni lenye picha ya mtu asiye tena mfanyakazi wake, kwamba yeyote atakayefanya naye biashara ni kwa hasara yake mwenyewe. Ni ya kuchekesha mpaka ukumbuke kwamba mtu huyo ana wajukuu. Nitarudi kwenye hilo.

Mganga kutoka kwetu

Sasa tulifikie lile ambalo msomaji wa Sumbawanga hawezi kulikwepa. Tangu matangazo binafsi yalipofunguka miaka ya 1990, baada ya vyama vingi na utitiri wa magazeti, jina la mji wetu limeuzwa na watu ambao wengi hawajawahi hata kushuka stendi yake. Muundo wa tangazo haubadiliki sana, na ukishaujua utaupata popote. Kwanza mahali anapotoka mganga, kwa herufi kubwa. Kisha orodha: mapenzi, kesi mahakamani, mali iliyoibwa, cheo kazini, nguvu za kiume, biashara isiyotoka, mtihani. Kisha ahadi kwamba utalipa ukifanikiwa. Mwisho namba ya simu, bila mtaa, bila nyumba, bila leseni.

Fanya zoezi hili. Kila upatapo tangazo la namna hiyo, andika vitu viwili: mganga amesema anatoka wapi, na gazeti au bango lilikuwa wapi. Utaona kwamba mganga wa kutoka Sumbawanga yuko Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Huku kwetu anayejitangaza hutoka Pemba, Tanga au Kongo. Jina la mbali ndilo linalouza, kwa sababu mteja hawezi kwenda kuliulizia.

Tena si ushamba wa Waafrika, kama wengine wanavyopenda kusema. Magazeti ya Uingereza na Marekani ya karne ya 19 yalijaa dawa za chupa moja ya kutibu kila ugonjwa, kwa orodha ndefu kama hiyo hiyo, hadi Wamarekani walipopitisha sheria ya vyakula na dawa mwaka 1906 na kuwalazimisha wauzaji kuanza kueleza kilichomo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza la kusajili waganga. Mwaka 2009 serikali ilisitisha leseni za waganga wa kienyeji kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na mwaka 2015 ikawapiga marufuku wapiga ramli. Ukiwa na mkusanyiko wa matangazo yenye tarehe, linganisha maneno ya kabla na baada ya miaka hiyo. Neno mganga linapungua, maneno tabibu na mtaalamu wa mitishamba yanaongezeka, orodha inabaki vile vile.

Visa: uliza mwandishi alisimama wapi

Kisa cha ajabu kisikufanye ucheke haraka wala usadiki haraka. Mambo Leo lilikuwa halijamaliza mwaka wake wa kwanza, 1923, lilipochapisha barua juu ya mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu za wenzao ili kutengeneza dawa. Tangu hapo magazeti yetu hayajawahi kukosa kisa: zimwi Popobawa wa Pemba na Unguja mwaka 1995, kikombe cha dawa cha Loliondo mwaka 2011. Vizazi tofauti, hofu tofauti. Kazi yako ni kujua kila hofu ilishika nini.

Kwa visa vya Ufipa, anza na mstari mdogo chini ya kichwa cha habari. Tukio limetokea kijijini bondeni mwa Ziwa Rukwa, lakini mwandishi yuko Mbeya. Basi amesikia kwa simu au kwa abiria. Tafuta jina la kijiji na kata, jina la kamanda wa polisi, jina la mganga mkuu wa wilaya. Kikongwe aliyeanguka na ungo, ambaye hana kijiji wala shahidi, ni hadithi ya mjini iliyovikwa kanzu ya Sumbawanga. Kisha fungua matoleo ya wiki mbili zinazofuata. Habari ya kweli ina kesho yake: mahakama, mazishi, kanusho. Ya uongo huonekana siku moja tu.

Radi ina kipimo chake, nacho ni kalenda. Sifa ya radi za kutumwa imetufuata kila mahali. Uwanda wa Ufipa umesimama karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na pande zote mbili ardhi inaporomoka zaidi ya mita 900, huku kwenye Ziwa Tanganyika, kule kwenye Ziwa Rukwa. Hewa yenye unyevu ikipanda kutoka mabondeni hupoa na kufanya mawingu mazito, na kuanzia Novemba hadi Aprili ngurumo ni jambo la kila wiki. Juu ya uwanda usio na miti mingi, kinachosimama peke yake ndicho kinachopigwa: mti, nyumba, mchungaji. Kisa cha radi cha Januari ni msiba wa hali ya hewa. Kisa cha radi cha Julai, anga likiwa kavu kama ngozi ya ngoma, kinahitaji ukisome mara mbili, uulize ni nani aliyekileta gazetini na alikuwa na ugomvi na nani.

Pale ambapo gazeti lina mstari mmoja, tafuta mtu aliyekaa pale pale. Mwaka 1963 na 1964 vijana wa Kamchape walizunguka vijiji vya Ufipa wakidai kuwatambua wachawi na kuwasafisha. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikuwa akiishi huku wakati huo, akajifunza Kifipa, na mwaka 1968 akachapisha makala juu yao. Msome yeye, kisha waulize waliokuwa watoto wakati ule, halafu ndipo urudi kwenye kichwa cha habari. Utaona ugomvi wa vijana na wazee juu ya nani ana sauti kijijini, jambo ambalo kichwa cha habari hakikuwa na nafasi nalo.

Na usikubali kwamba Ufipa ilitajwa kwa uchawi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 nzige wekundu walitoka Bonde la Rukwa na Mweru wa Ntipa ya Zambia ya leo, wakaenea nusu ya kusini ya Afrika hadi katikati ya miaka ya 1940. Mwaka 1949 mataifa yakaunda shirika la kuwadhibiti, ofisi zake Abercorn. Fuata nzige gazeti kwa gazeti. Fuata na Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na kuanza tena safari mwaka 1927. Kasanga, Kipili na Kirando zilipata habari, wageni na magazeti kwa meli hiyo. Tanuri za kuyeyushia chuma, malungu, ambazo magofu yake bado yamesimama mashambani, nazo zilipata waandishi wao. Na habari mpya zisome kwa jicho hilo hilo. Mwaka 2016 dunia nzima iliandika kwamba Rukwa ina gesi ya heliamu, futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu. Watafiti walikuwa wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya utafutaji. Ile ilikuwa habari, na kwa kampuni inayotafuta wawekezaji ilikuwa pia tangazo. Kata, andika tarehe, hifadhi.

Kutunza na kuonyesha

Karatasi ya gazeti hujila yenyewe. Imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na kilichobaki cha mti ndani yake hugeuka tindikali ikipigwa na jua na hewa. Iweke gizani, ikiwa imelala bila kukunjwa, ndani ya boksi gumu lililoinuliwa kutoka sakafuni, maana mchwa wa Ufipa hawachagui. Masika yakianza weka boksi chumba kikavu, si stoo ya mahindi. Usitumie selotepu; baada ya miaka michache huacha doa la kahawia ambalo halitoki tena. Usipige pasi, usipake gundi, usiandike kwa kalamu ya wino. Andika kwa penseli, pembeni: umepata wapi, kwa nani, lini.

Picha zipe majina yanayoeleweka, gazeti kwanza, kisha mwaka, mwezi na ukurasa. Picha 300 zenye majina ya namba za simu yako ni sawa na kutokuwa nazo.

Kuhusu majina ya watu kuwa mgumu. Mwizi wa kuku wa 1962, msichana wa rafiki wa kalamu, mfanyakazi aliyefukuzwa, kikongwe aliyeitwa mchawi: wote walikuwa na ndugu, na Sumbawanga ni mji mdogo. Unapoonyesha kipande shuleni, kanisani au kwenye kundi la simu, funika jina. Kisa hakipungui utamu. Habari za tuhuma za uchawi usizirushe kabisa bila maelezo, kwa sababu watu wameuawa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Sasa ndipo ukate tiketi. Ukiwa na orodha ya vipande visivyo na kichwa, nenda kwanza maktaba ya mkoa, kisha Maktaba Kuu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, au mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Piga simu kabla ujue masharti. Barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri, shule au serikali ya mtaa haijawahi kuzidi mizigo. Nenda na penseli, daftari na chaji ya simu, na sweta usivue, kwa maana vyumba vyenye kiyoyozi vina baridi ya milima ya Mbizi. Omba jalada la miezi, usiombe toleo moja, kwa kuwa siku unayoikumbuka mara nyingi si siku yenyewe. Wakikuletea, anza na ukurasa wa nyuma kwenda mbele, ukisoma matangazo kwanza. Ukifika ukurasa wa kwanza utakuwa unajua sukari ilikuwa shilingi ngapi siku ile.